Padre Kircher na kengele iliyosikika



Kuna swali ambalo vijana hunitupia wakishajua kwamba nimesoma falsafa na sasa niko seminarini: eti kwa nini Kanisa liliogopa sayansi? Huwa wanataka jibu la dakika moja. Mimi huwa nawasimulia habari za padre mmoja Mjesuiti aliyekosea jambo la sayansi mbele ya mashahidi, halafu akaliandika kosa lenyewe kitabuni. Nampenda kuliko wengi waliopatia.

Anaitwa Athanasius Kircher. Alizaliwa tarehe 2 Mei 1602 huko Geisa, Ujerumani, akiwa kitinda mimba katika watoto tisa. Alisoma kwa Wajesuiti mjini Fulda, na Kiebrania akafundishwa na rabi. Mwaka 1618 alianza unovisi Paderborn, na mwaka huohuo ikaanza ile vita ya miaka 30 kati ya Wakatoliki na Waprotestanti. Ujana wake wote ukawa wa kukimbia. Safari moja alikuwa akivuka mto Rhine ulioganda, barafu ikapasuka akiwa juu yake, akajiokoa kwa kuogelea kwenye maji yale ya baridi. Alipata upadre mwaka 1628. Miaka mitatu baadaye jeshi la Uswidi lilipokaribia Würzburg alikokuwa anafundisha, akakimbilia Ufaransa, na hatimaye akafika Roma. Huko ndiko alikoishi hadi kufa, akifundisha hisabati katika Collegio Romano, chuo kikubwa cha Wajesuiti.

Sasa tuje kwenye kengele.

Wakati ule wasomi wengi walimfuata Aristotle, aliyefundisha kwamba ombwe, yaani mahali pasipo na kitu chochote kabisa, hata hewa, haliwezekani. Lakini mafundi wa pampu walikuwa na kero yao: pampu ya kuvuta haikuweza kupandisha maji zaidi ya mita 10 hivi, hata uifanyeje. Mwanzoni mwa miaka ya 1640, Gasparo Berti, mwanahisabati wa Roma, akasimamisha bomba refu la risasi kwenye ukuta wa nyumba yake. Juu aliweka tungi la kioo, chini akazamisha mdomo wa bomba kwenye pipa la maji. Akajaza maji mpaka juu, akaziba kabisa, kisha akafungua chini. Maji yakashuka, yakasimama kwenye kimo cha mita 10 hivi, wala hayakushuka tena. Pale juu kwenye kioo, maji yalipoondoka, palibaki nini?

Padre Kircher alikuwepo, na akatoa wazo ambalo mpaka leo naliona zuri sana. Tuweke kengele mle ndani, yenye nyundo ya chuma, na tuivute nyundo kwa sumaku kutoka nje. Sauti inahitaji hewa ili isafiri. Kama mle ndani ni ombwe, hatutasikia kitu.

Wakaivuta nyundo, wakaiachia. Kengele ikalia, wote wakaisikia.

Kwa Kircher kesi ikawa imekwisha: ombwe hakuna. Ukiipanga hoja yake kama tunavyofundishwa kwenye somo la mantiki, inanyooka vizuri: kama ni ombwe, kutakuwa kimya, hakuna kimya, basi si ombwe. Umbo lake halina kasoro, tatizo liko kwenye hatua ya kwanza. Kengele ile haikuwa inaelea. Ilishikiliwa na kitu kigumu kilichogusa chombo, na sauti hupita kwenye chuma na kioo vizuri tu. Haikuhitaji hewa ya mle ndani. Ilishuka kwenye kishikizo, ikatoka kwenye kioo, ikawafikia. Tena hata lile ombwe lenyewe halikuwa safi, kwa sababu maji huachia hewa na mvuke.

Wewe uliyepita maabara ya sekondari unaijua kengele ya umeme ndani ya chombo cha kioo, mwalimu anawasha pampu, mlio unafifia huku nyundo unaiona bado inagonga. Angalia wanavyoitundika: kwa nyuzi laini au mpira. Ukiiweka tu juu ya kitako cha chombo, utaisikia hata ukitoa hewa mpaka pampu ichoke. Robert Boyle wa Uingereza alitundika saa kwa uzi ndani ya chombo chake, na katika kitabu alichochapisha mwaka 1660 akaeleza jinsi mlio wake ulivyopotea hewa ilipotolewa.

Kwa hiyo Kircher alisikia sawasawa. Asichouliza ni sauti ile imemfikia kwa njia ipi.

Hapa ndipo siwakubalii wanaosema imani ndiyo iliyomziba masikio. Aliyeonyesha kwamba sauti ingeweza kupita kwenye kishikizo ni Emmanuel Maignan, na yeye pia alikuwa padre, mtawa wa shirika la Waminimi, aliyekuwa akifundisha palepale Roma. Watawa wawili, Misa ileile, Biblia ileile, na bado wakatofautiana kuhusu kengele. Kilichomshika Kircher ni Aristotle, bwana, si Injili. Mwaka 1650, katika kitabu chake kikubwa cha muziki na sauti, Musurgia Universalis, bado alishikilia msimamo wake.

Na kukosea alikosea kwingi. Alidhani amesoma maandishi ya picha ya Wamisri wa kale. Champollion alipoyafumbua kweli mwaka 1822, tafsiri za Kircher zikaonekana ni hewa tupu. Lakini alikuwa ameona vizuri kwamba lugha ya Kikopti, ile ya liturujia ya Wakristo wa Misri, ni mzao wa lugha ya mafarao, na Champollion mwenyewe alipitia humo. Tauni ilipoingia Roma mwaka 1656, alitazama damu ya wagonjwa kwa hadubini, akaandika kwamba ugonjwa huenezwa na viumbe hai vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Hadubini yake isingeweza kumwonyesha kijidudu cha tauni. Yaani kwenye kengele alisikia kweli akahitimisha vibaya, na kwenye tauni inaelekea aliona kitu kingine akakaribia ukweli. Mimi hapo huwa nacheka.

Mwaka 1661, akizunguka milima ya mashariki ya Roma, alikuta kanisa la kale la Bikira Maria pale Mentorella, limekuwa gofu. Akaomba michango, akalijenga upya. Kutoka juu ya mlima ule alitumia tarumbeta ndefu ya kusemea kuwaita watu wa vijiji vya bondeni waje kusali, nao wakapanda kwa mamia.

Alifariki Roma tarehe 27 Novemba 1680. Moyo wake ulizikwa Mentorella. Tarehe 29 Oktoba 1978, hata wiki mbili hazijatimia tangu achaguliwe, Papa Yohane Paulo II alikwenda huko kusali.