Patterson: Simba walimpa jina, daraja likasahaulika

WANAOLITAJA jina la John Henry Patterson humkumbuka kwa bunduki yake na simba wawili waliokula watu Tsavo. Ni wachache wanaokumbuka kwamba hakuletwa Taita Taveta kuwinda. Aliletwa kujenga daraja, na ni katika kazi hiyo ambapo werevu wake ulidhihirika zaidi.

Patterson alizaliwa Ireland mwaka 1867, akajiunga na jeshi la Uingereza angali kijana na kupata uzoefu wa ujenzi nchini India. Aliwasili Mombasa Machi 1, 1898, wakati Reli ya Uganda, iliyoanza kujengwa 1896, ilipokuwa imekwisha kupita Voi na kufika mto Tsavo. Wajenzi wa reli walivuka kwa daraja la muda na kusonga mbele. Yeye akaachwa nyuma, kiasi cha kilomita 212 kutoka Mombasa, ajenge daraja la kudumu.

Katika karatasi, daraja hilo halikuwa la ajabu: nguzo za mawe zilizobeba mihimili ya chuma yenye urefu wa futi 60, yaani takriban mita 18. Ugumu ulikuwa mahali penyewe. Mawe yalijaa kila upande, lakini yalikuwa magumu mno kuchongwa. Daraja la mawe hayo lingemeza fedha na miaka. Patterson alitafuta kwa siku nyingi bila mafanikio, hadi alipokuwa akiwinda kanga katika korongo moja akakuta mwamba unaochongeka. Kutoka hapo alitandika njia ndogo ya troli, ambayo ililazimika kuuvuka mto mara mbili kwa vidaraja vyepesi.

Kreni hakuwa nayo. Alichukua vipande viwili vya reli vyenye urefu wa futi 30, akavifunga pamoja vichwani kwa bolti na kuitanua miguu yake juu ya gogo kubwa, kisha akaninginiza kamba na kapi. Chombo hicho kilipandisha mawe mazito juu ya nguzo bila taabu. Ili kuipandisha mihimili, alipanga mataruma ya reli kama mnara katikati ya kila pengo, akapitisha njia juu yake, akausukuma mhimili juu ya magari hadi ukafika mahali pake. Ulipokwisha kushushwa juu ya nguzo, mataruma yaliondolewa na kutumiwa tena katika pengo lililofuata.

Wahandisi wa leo wangelitambua tatizo hilo mara moja. Kompyuta sasa huweza kubuni umbo la chuma lisilo na gramu moja ya ziada, lakini mashine inayolijenga kwa kuyeyusha unga wa chuma kwa leza, tabaka juu ya tabaka, haiwezi kujenga sehemu iliyoning'inia hewani pasipo vishikizi. Vishikizi hivyo hukatwa baadaye kwa gharama na jasho. Hivyo mbunifu hulazimika kulirekebisha umbo lake, hata likiongezeka uzito kidogo, mradi lijengeke. Tofauti ni kwamba mataruma ya Patterson hayakupotea bure.

Kwa watu, hakuwa na ustadi huo. Mwashi alilipwa rupia 45 kwa mwezi na kibarua wa kawaida 12, kwa hiyo wengi waliojiandikisha kuwa waashi hawakuwa wamewahi kushika patasi. Patterson alipoamua kuwalipa kwa kadiri ya kazi, baadhi yao walikula njama ya kumuua Septemba 1898. Njama hiyo haikufaulu.

Kisha simba. Mwanzoni mwa Desemba, mamia ya vibarua kutoka India waliisimamisha gari moshi kwa kulala relini, wakapanda na kukimbilia Mombasa. Kazi ilikwama kwa takriban majuma matatu. Patterson alimuua simba wa kwanza Desemba 9 na wa pili Desemba 29. Baadaye alidai kwamba simba hao waliwaua watu 135. Utafiti wa mifupa na manyoya yao uliochapishwa 2009 ulikadiria kama 35. Hata hiyo ndogo ni idadi ya kutisha, na majina ya wengi wa waliouawa hayajulikani na msomaji yeyote wa kitabu alichochapisha 1907.

Daraja lilikamilika Februari 1899. Muda mfupi baadaye mvua kubwa ilinyesha, mto ukafurika na kubeba miti mizima. Vidaraja viwili vya troli vilisombwa na kugongana na nguzo mpya. Nguzo hazikutikisika.

Patterson alipigana katika Vita vya Makaburu, akarejea nchini kuwa msimamizi mkuu wa wanyamapori kati ya 1907 na 1909, kisha akaongoza vikosi vya askari Wayahudi katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Miaka ya 1920 aliiuzia ngozi za simba wake makavazi ya Field mjini Chicago kwa dola 5,000. Alifariki California mwaka 1947, na mnamo 2014 majivu yake yalizikwa upya nchini Israel.