Al-Khazini na Mizani ya Hekima

Katika mji wa Marw, ambao magofu yake yamo katika nchi ya Turkmenistan, aliishi katika karne ya 12 mwanachuoni Abdur Rahman al-Khazini. Alikuwa mtumwa, asili yake Myunani wa dola ya Rumi ya Mashariki. Bwana wake akiitwa al-Khazin, yaani mtunza hazina, na kwa jina hilo mtumwa naye akajulikana. Bwana huyo alimsomesha hesabu na falsafa, hata akawa mtaalamu wa elimu ya nyota katika enzi ya Sultani Sanjar. Wenye kuusingizia Uislamu kuwa ni adui wa elimu wangefaa kuyasoma maisha yake.

Fumbo lililomshughulisha ni hili. Sonara amekabidhiwa dhahabu, naye amerudisha pambo lenye uzito ule ule. Je, ametia fedha ndani yake? Kulivunja ni kuliharibu, na mizani ya kawaida haisemi kitu, kwani uzito umetimia. Ndugu msomaji, jambo hili halikuwa mchezo. Hazina ni amana ya watu, na Kurani Tukufu katika Sura ya 83 imewaonya vikali wenye kupunja.

Jibu limo majini. Kitu kikizamishwa hupungukiwa na uzito ulio sawa na ule wa maji kiliyoyaondoa. Mithkali 100 za dhahabu hupungua kadiri ya mithkali 5 na robo. Lakini za fedha, kwa kuwa zachukua nafasi kubwa zaidi, hupungua karibu 9 na nusu. Basi pambo la mithkali 100 likipungua 7 na nusu, ijulikane kuwa karibu nusu yake ni fedha.

Kabla yake al-Isfizari alikwisha tengeneza mizani ya kufichua udanganyifu huo. Mtunza hazina wa Sultani akaogopa kuumbuliwa khiyana yake, akaivunja. Imesimuliwa kwamba al-Isfizari alikufa kwa huzuni.

Al-Khazini akaifufua kazi ile. Mizani yake ilikuwa na vitanga 5 na mkono wa dhiraa 4, karibu mita 2, nayo iliweza kuonyesha tofauti ya mithkali 1 katika 1000. Aliieleza katika kitabu chake Mizani ya Hekima, alichokitunga mwaka 515 Hijria (1121) kwa ajili ya hazina ya Sultani. Humo aliwapa haki yao waliomtangulia: Archimedes, al-Biruni, Umar Khayyam, na al-Isfizari mwenyewe.

Sultani alimpelekea dinari 1000. Akazirudisha, akieleza kuwa anazo dinari 10, kwa mwaka humtosha 3, na nyumbani mwake hamna mtu ila yeye na paka. Mke wa amiri mmoja naye akampelekea 1000. Hizo pia zilirudi.