Ibn Battuta: Kijana aliyeizunguka dunia akachelewa kumkuta mama

Siku niliyoacha chuo na kuhama nyumbani na begi moja, mamangu hakusema kitu. Alisimama tu mlangoni. Nilikuwa na miaka 21.

Basi niliposikia kwamba Ibn Battuta naye aliondoka kwao akiwa na miaka hiyo hiyo, nikaamua kumsoma jamaa huyu vizuri. Si zile sifa za mitandaoni tu, eti msafiri hodari kuliko wote. Nilitaka kujua ilimgharimu nini.

Alizaliwa mwaka wa 1304 mjini Tangier, Morocco, pale Afrika inapotazamana na Uhispania. Kwao walikuwa watu wa sheria za Kiislamu, ukoo wa makadhi. Njia yake ilikuwa imeshachorwa: asome, awe kadhi, aoe, azeekee papo hapo.

Juni 1325 akaondoka kwenda kuhiji Makka. Alitoka peke yake, bila rafiki wala msafara. Wazazi wake wote wawili walikuwa hai, na kuwaacha kulimuuma mno. Safari ya kuhiji kutoka huko ingemchukua mwaka mmoja na kitu, kisha arudi. Alirudi baada ya miaka 24.

Mwanzo wenyewe haukuwa wa shujaa. Akiwa Algeria ya leo alishikwa na homa kali. Akashauriwa apumzike, akakataa. Aliuza punda wake na mizigo mizito, kisha akajifunga kwenye tandiko la mnyama aliyeazimwa kwa kitambaa cha kilemba, asije akaanguka njiani.

Walipofika Tunis, watu wa mji walitoka kuwalaki wageni wao. Kila mmoja alisalimiwa na mtu wake, ila yeye hakuna aliyemjua. Akaangua kilio hadharani. Ukiwahi kushuka Nairobi mara ya kwanza, kila abiria akapokelewa na wewe umebaki umekumbatia begi lako, unayajua machozi hayo. Hujaji mmoja alimwona, akaja kumsalimia, akakaa naye mpaka wakaingia mjini.

Lakini alikuwa na kitu kimoja cha kumbeba: elimu yake ya sheria. Hata kabla ya kufika Misri, mahujaji walishamfanya kadhi wa msafara wao. Wakati huo, kuanzia Afrika Magharibi hadi India, mtu aliyejua Kiarabu na sheria za Kiislamu hakukosa pa kulala. Kulikuwa na nyumba za masufi zilizopokea wageni, misikiti, shule, na masultani waliowatafuta wasomi kwa udi na uvumba. Elimu ile ndiyo iliyokuwa pasipoti yake.

Alifika Makka mwaka wa 1326. Hapo angegeuza arudi nyumbani. Lakini wapi! Akaenda Iraq na Uajemi, akarudi Makka, kisha akashuka Yemen na kupanda jahazi kuja kwetu.

Ilikuwa karibu mwaka wa 1331. Zeila, kwenye pwani ya Somalia ya leo, palimshinda kwa uvundo wa samaki na damu ya ngamia waliochinjwa njiani. Akaona heri alale jahazini, ingawa bahari ilikuwa imechafuka. Mogadishu alikirimiwa wali wa samli, ndizi zilizopikwa kwa maziwa, achari ya ndimu na maembe. Jamaa alipenda kula, na kila mahali alikumbuka sahani.

Kisha akaingia Mombasa, akalala usiku mmoja tu. Usiku mmoja! Lakini soma alichokiona. Aliona kisiwa kisicholima nafaka, chakula hicho kikiletwa kwa vyombo kutoka sehemu nyingine za pwani. Aliona watu wanaokula ndizi na samaki, na misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi. Kando ya milango ya misikiti palikuwa na visima, na watu waliotembea pekupeku walinawa miguu kabla ya kuingia. Alikuta pia tunda dogo kama zeituni, lenye kokwa, tamu sana. Jina alilolitaja ndilo Wahindi wanaloliita zambarau hadi leo.

Hii ni zaidi ya miaka 160 kabla ya Vasco da Gama kutia nanga Mombasa. Na pwani yetu yeye aliiita Sawahil, neno lile lile lililozaa jina la lugha unayoisoma sasa. Kwa hiyo mtu akikwambia historia yetu ilianza na meli za Wareno, mkumbushe mgeni huyu aliyelala Mombasa usiku mmoja.

Kutoka hapo alienda Kilwa, ambao sasa ni Tanzania. Aliusifu kuwa miongoni mwa miji mizuri aliyowahi kuiona, uliotajirika kwa dhahabu iliyopitia Sofala. Alimsifu pia Sultani al-Hasan ibn Sulaiman kwa ukarimu, mtu aliyeweza kuvua nguo zake akampa maskini aliyeziomba. Lakini pia anasimulia kwamba sultani huyo alikuwa akivamia watu wa bara na kuchukua ngawira, na hilo halikumkosesha usingizi. Ibn Battuta mwenyewe alinunua na kumiliki watumwa maisha yake yote. Hatuwezi kumsifia macho tukaficha hili.

Baadaye alipitia Uturuki ya leo na Constantinople, kisha akafika Delhi. Sultani Muhammad bin Tughluq alimpa ukadhi na mshahara wa dinari 12,000 kwa mwaka. Maisha yakawa ya kifahari, na madeni yakafika dinari 55,000. Tatizo ni kwamba bosi wake alikuwa mtu wa kukupa dhahabu asubuhi na kukukata kichwa jioni. Ibn Battuta alipomtembelea shehe mmoja aliyemkosana sultani, shehe akauawa na yeye akawekewa walinzi. Aliponusurika, akagawa mali yake na kuishi kama fukara kwa miezi kadhaa.

Sultani akamwita tena, safari hii awe balozi wake China. Alikubali. Njiani akatekwa na kuporwa, akabaki na nguo alizovaa. Alipofika Calicut, kusini mwa India, dhoruba ikavunja meli iliyobeba zawadi za sultani, na meli nyingine ikaondoka na vitu vyake. Yeye alikuwa bado nchi kavu. Akabaki na dinari 10 na zulia la kulalia, huku akiogopa kurudi Delhi kueleza yaliyotokea.

Akakimbilia visiwa vya Maldives, akawa kadhi, akaoa wake wanne, kisha akawapa talaka na kuondoka. Hiyo ndiyo iliyokuwa kawaida yake, kuoa na kuacha. Damascus aliacha mke mjamzito. Akiwa India alisikia amezaliwa mtoto wa kiume, akamtumia babu wa mtoto dinari 40 za dhahabu, akaendelea na mambo yake.

Alisimulia kwamba alifika China, ingawa baadhi ya wanahistoria wanatilia shaka sehemu za masimulizi hayo. Kisha, baada ya miaka zaidi ya 20, akaanza kurudi. Na hapa ndipo bili ya safari yote ilipoletwa mezani.

Mwaka wa 1348 alifika Damascus na kumuulizia mwanawe. Mtoto alikuwa amefariki miaka 12 iliyopita. Hakuwahi kumwona. Hapo hapo akakutana na msomi wa kutoka Tangier, akaambiwa babake naye alifariki miaka 15 iliyopita. Ila mama, alimwambia, bado yuko hai.

Ungefanya nini? Yeye alienda Makka kuhiji kwanza. Mwaka huo tauni ilikuwa ikiua watu kwa maelfu kila mji aliopita, Syria hadi Misri. Alipopita huko kote salama na kuingia Morocco mwaka wa 1349, akapata habari akiwa mji wa Taza: tauni ilikuwa imemfikia mama kabla yake. Alichokikuta Tangier ni kaburi.

Hakutulia. Akavuka kwenda Andalusia, na mwaka wa 1352 akakatiza Sahara hadi himaya ya Mali. Aliporejea, Sultani Abu Inan wa Morocco aliagiza safari zake ziandikwe. Akakaa na mwandishi aitwaye Ibn Juzayy, akasimulia kwa sehemu kubwa kutoka kichwani, kwa sababu maandishi aliyokuwa nayo aliporwa baharini. Kazi iliisha Desemba 1355. Wanahistoria wanakadiria alisafiri takriban kilomita 117,000, na haikuwapo injini hata moja duniani. Miaka yake ya mwisho alikuwa kadhi nchini Morocco, ile kazi ya ukoo aliyoiacha akiwa kijana. Alifariki mwaka wa 1368 au 1369.

Mimi simhukumu. Bila kuondoka kwake, Mombasa na Kilwa za karne ya 14 zingebaki karibu kimya kwetu. Lakini kuna mtoto Damascus, kuna wake aliowaacha bandarini, na kuna mama aliyesubiri miaka 24. Wao pia walilipa nauli ya safari ile, na hakuna aliyewauliza.

Nilipomaliza kumsoma, nilimpigia mamangu simu. Hatukuongea mambo mazito. Aliniuliza kama nimekula.