Rachel Carson na Safari ya Sumu

Rachel Carson alizaliwa mwaka 1907 katika mji mdogo wa Springdale, nchini Marekani. Nyumbani kwao fedha zilikuwa haba. Mama yake alimfundisha kupenda ndege, wadudu na mimea. Alisoma elimu ya viumbe mpaka chuo kikuu. Baba yake alifariki mwaka 1935, naye akabaki na mzigo wa kumtunza mama. Alifanya kazi katika idara ya serikali ya samaki, akaandika vitabu juu ya bahari.

Miaka hiyo dawa ya DDT ilisifiwa sana, kwa kuwa iliua mbu na wadudu wa mashambani. Lakini ndege nao walianza kufa. Bi. Carson alitaka kujua sababu.

Alichunguza habari za ziwa la Clear Lake, huko California. Mwaka 1949, 1954 na 1957 ziwa hilo lilitiwa dawa ya DDD, ndugu wa DDT, ili kuua visubi. Dawa ilikuwa kidogo mno katika maji. Hata hivyo, vibisi walikufa. Zamani jozi zaidi ya 1,000 zilizaa hapo. Mwaka 1960 zilibaki kama 30 tu.

Sababu ni hii. Sumu hiyo haiishi upesi, nayo hukaa katika mafuta ya mwili. Vijimea vya majini viliinyonya. Samaki wadogo walikula vijimea vingi. Samaki wakubwa walikula wadogo wengi. Vibisi wakala samaki. Kila mlaji alirithi sumu ya wote aliowala. Haba na haba hujaza kibaba.

Bi. Carson aliandika hayo katika kitabu kilichotoka mwaka 1962. Wenye viwanda vya dawa walimpinga vikali. Wakati huo alikuwa anaugua saratani, lakini hakunyamaza. Hakusema dawa zote zikataliwe. Alisema zitumiwe kwa uangalifu.

Alifariki mwaka 1964, akiwa na miaka 56. Mwaka 1972 Marekani ilikataza DDT mashambani. Mkataba wa mataifa wa mwaka 2001 uliiruhusu kwa kupambana na wadudu waenezao magonjwa tu, kama mbu wa malaria.

Maswali
1. Kwa nini vibisi walipata sumu nyingi kuliko samaki?
2. Dawa ya shambani ikiingia mtoni, inaweza kumfikia nani?