Kathleen Lonsdale, Mpimaji wa Pete ya Benzeni

Kathleen Lonsdale alizaliwa mwaka 1903 katika mji wa Newbridge, nchini Ireland. Alikuwa kitindamimba katika familia ya watoto kumi. Mwaka 1908 mama yake alihamia Uingereza pamoja na watoto wake. Kathleen alipenda sana hesabu na sayansi, lakini shule yake ya wasichana haikufundisha fizikia wala kemia. Hivyo ilimbidi kuyafuata masomo hayo katika shule ya wavulana. Alipotimiza miaka 16 alijiunga na chuo mjini London.

Wakati huo wanakemia walikuwa na fumbo moja. Molekuli ya benzeni ina atomi 6 za kaboni na atomi 6 za haidrojeni. Mwaka 1865 Mjerumani August Kekulé alieleza kwamba kaboni hizo zimeshikana mfano wa pete yenye pembe sita, na kwamba vifungo vyake hupishana, kimoja cha kawaida na kingine maradufu. Lakini kampaundi zenye vifungo maradufu kwa kawaida hubadilika upesi zikichanganywa na bromini. Benzeni haibadiliki upesi. Tena, kifungo maradufu ni kifupi kuliko cha kawaida. Je, pete hiyo ilikuwa na pande tatu fupi na tatu ndefu? Hapana mtu aliyekuwa amezipima.

Mwaka 1927 Kathleen aliolewa, akahamia Leeds. Mumewe alimhimiza asiache utafiti. Huko alipewa fuwele za kampaundi iliyo na pete ya benzeni ndani yake. Alipitisha miale ya eksirei katika fuwele hizo, nayo ikatawanyika. Kwa kupima miale iliyotawanyika na kufanya hesabu ndefu, alitambua mahali pa kila atomi ya kaboni.

Mwaka 1929 alitangaza matokeo yake. Pete ni bapa, na pande zake zote sita ni sawa. Kila upande ni mfupi mno, hata pande milioni 7 zikipangwa mstari mmoja hazizidi milimita 1. Basi vifungo havipishani, bali elektroni zake hushirikiwa na pete nzima. Ushirika huo ndio unaoifanya benzeni kuwa imara.

Kathleen alichukia vita. Mwaka 1943 alifungwa mwezi mmoja kwa kukataa kujiandikisha katika kazi za ulinzi wa raia na kukataa kulipa faini. Mwaka 1945 yeye na Marjory Stephenson walikuwa wanawake wa kwanza kuchaguliwa katika Royal Society, chama kikuu cha wanasayansi wa Uingereza. Alifariki mwaka 1971.

Maswali
1. Kwa nini Kathleen alikwenda kusoma katika shule ya wavulana?
2. Kama vifungo vya benzeni vingepishana, pande za pete yake zingekuwaje?
3. Chora pete ya benzeni kama Kathleen alivyoiona.