Harvey Wiley: Mtoto wa mkulima aliyefichua uozo ndani ya rojo

TUNDA likishasagwa likawa rojo, mnunuzi hawezi tena kujua kwa macho kama lilikuwa zuri au bovu. Hata likigandishwa, barafu huzuia vijidudu kuongezeka tu, haiondoi uozo uliokwishaingia. Ndiyo maana rojo hupimwa maabara. Mmoja wa watu waliopigania upimaji wa vyakula vya dukani ni mkemia wa Marekani, Harvey Washington Wiley.

Wiley alizaliwa mwaka 1844 shambani, katika jimbo la Indiana. Alisomea udaktari, lakini akageukia kemia na mwaka 1874 akawa profesa wa somo hilo Chuo Kikuu cha Purdue. Huko alipima asali na sharubati za madukani, akakuta zimechanganywa na glukosi ya bei rahisi. Wafugaji nyuki waaminifu walikuwa wakishindwa sokoni kwa sababu ya bidhaa bandia.

Mwaka 1883 alianza kazi ya mkemia mkuu wa Wizara ya Kilimo mjini Washington. Mwaka 1902 aliwakusanya vijana 12 waliojitolea kula chakula chenye dawa za kuhifadhia, kama boraksi, huku afya zao zikipimwa. Magazeti yaliitangaza sana kazi hiyo. Juni 30, 1906 Rais Theodore Roosevelt alitia saini sheria ya usafi wa vyakula na dawa.

Vita kubwa iliyofuata ilihusu sosi ya nyanya. Baadhi ya viwanda vilitumia rojo la mabaki ya nyanya, kisha vikatia benzoeti ili lisichache. Wiley alitaka benzoeti ipigwe marufuku. Mfanyabiashara Henry Heinz alimuunga mkono, kwani kiwanda chake kilikwishatengeneza sosi isiyo na dawa hiyo kwa nyanya nzuri, siki na sukari zaidi. Hata hivyo, jopo la wanasayansi liliamua mwaka 1909 kwamba benzoeti kidogo haina madhara, na Wiley akashindwa.

Lakini idara yake iliacha kipimo kizuri zaidi. Mwaka 1911 Burton Howard, mtaalamu wa hadubini wa idara hiyo, alitoa njia ya kuhesabu nyuzi za ukungu ndani ya rojo la nyanya. Nyuzi hizo hubaki hata rojo likipikwa, hivyo zikionekana nyingi ni dalili kwamba matunda yaliyooza yalisagwa pamoja na mazima. Kipimo hicho bado kinatumika, na jina lake ni la Howard.

Wiley alijiuzulu mwaka 1912, akaendesha maabara ya jarida la Good Housekeeping. Alifariki Juni 30, 1930, miaka 24 kamili baada ya sheria yake kusainiwa.

Kwa mkulima au mfanyabiashara anayesaga matunda, ubora huanzia mezani pa kuchambulia. Matunda mabovu yakiingia kwenye mashine, hadubini inaweza kuyaona.