Siti binti Saad: Muuza vyungu wa Fumba aliyevuka bahari kurekodi santuri

Kabla jina lake halijachapishwa kwenye santuri, Siti binti Saad alikuwa akitembeza vyungu. Mama yake alikuwa mfinyanzi huko Fumba, kusini mwa mji wa Zanzibar, na binti ndiye aliyebeba mzigo kichwani na kuunadi njiani. Wateja walimsikia kabla ya kumwona.

Alizaliwa karibu mwaka 1880, akaitwa Mtumwa, jina lililoeleza hali ya wazazi wake. Siti, yaani bibi wa heshima, lilikuja baadaye.

Mwaka 1911 akahamia mjini. Huko mwanamuziki Ali Muhsin akaipenda ile sauti, akamfundisha kuimba na kupiga ala. Taarabu wakati ule ilikuwa mambo ya ikulu na wenye nacho, na iliimbwa kwa Kiarabu. Siti, ambaye hakupata shule, akaja kuiimba kwa Kiswahili pamoja na kundi lake, akina Subeit bin Ambar, Buda bin Mwendo, Mbaruk na Maalim Shaaban.

Maneno ya mjini hayakukosa. Wapo waliomtungia wimbo wa kejeli kumkumbusha alikotoka. Naye akawajibu kwa wimbo vilevile, akiweka akili mbele ya sura na nasaba.

Mwaka 1928 ndipo mambo yalipogeuka. Kampuni ya HMV, ile ya nembo ya mbwa anayesikiliza gramafoni, ilimsafirisha Siti na wenzake hadi Bombay, India, kurekodi. Gramafoni zilikuwa zimeshafika Unguja, ila nyimbo za Kiswahili kwenye santuri zilikuwa adimu, na mwanamke wa Afrika Mashariki aliyerekodiwa ndiyo kabisa hakuwepo.

Kazi yenyewe haikuwa nyepesi kwa watu waliozoea kuimba usiku kucha. Upande mmoja wa santuri za wakati ule ulibeba takriban dakika 3 tu. Wimbo ilibidi ukatwe, na sauti ilichorwa kwenye nta moja kwa moja: ukikosea hakuna kufuta kipande kama leo, mnaanza upya wote.

Santuri zikauzwa kwa maelfu mengi kuliko ilivyotarajiwa. Kampuni nyingine nazo zikaja mbio kumtafuta. Asiye na gramafoni alikwenda kusikiliza kwenye mkahawa, na hapo ndipo nyimbo zake zilipojadiliwa hasa.

Na zilikuwa na cha kujadiliwa. Wimbo wa Kijiti unasimulia mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliyeuawa Unguja. Mtuhumiwa akakimbilia bara, na walioishia kuadhibiwa ni wanawake waliofika mahakamani kutoa ushahidi. Kuimba hivyo chini ya serikali ya kikoloni, tena kwa jina la mhusika, kulitaka moyo.

Miaka yake ya mwisho mwandishi Shaaban Robert alimtembelea, akamsikiliza akieleza maisha yake, akaandika Wasifu wa Siti binti Saad. Siti alifariki Julai 8, 1950.

Kijiti haukuzikwa naye. Bi Kidude, aliyejifunza nyimbo za Siti kwa kumsikiliza, aliendelea kuuimba hadi uzeeni. Yeye alifariki mwaka 2013.